John McLendon: kocha aliyeuliza kwanza wachezaji wake watalala wapi

Kila mwaka, karibu na mwisho wa mwezi wa 11, ekipe za basketi za vyuo vikuu vya Marekani zinapanda ndege kuenda Maui, kimoja cha visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Msimu ndiyo kwanza umefunguka. Kwa siku tatu zinapambana mu sale ndogo ya mji wa Lahaina, isiyobeba zaidi ya watu 2400 hivi. Nje ni joto na minazi, ndani watu wamebanana, na mbele ya televisheni inchi nzima inaangalia. Mashindano hayo yanaitwa Maui Invitational na yalianza mwaka wa 1984. Mu mwaka wa 2023, baada ya moto mkali kuteketeza mji wa Lahaina, yalihamishiwa Honolulu, kisha 2024 yakarudi nyumbani.

Chanzo chake ni ajabu kidogo. Tarehe 23 mwezi wa 12 mwaka wa 1982, kule Honolulu, chuo kidogo cha Wakatoliki kinachoitwa Chaminade kiliangusha Virginia, ekipe iliyohesabiwa ya kwanza inchini, pointi 77 kwa 72. Virginia ilikuwa na Ralph Sampson, kijana wa urefu wa mita 2 na sentimita 24. Chaminade haikuwa na jina lolote. Baada ya siku ile kila mtu alijua jina lake, na miaka miwili baadaye chuo hicho kidogo njo kilikuwa mwenyeji anayeita wakubwa kuja kwake kisiwani.

Chaminade wakati ule ilikuwa memba wa NAIA, chama cha vyuo vidogo vya Marekani, na si wa NCAA, chama cha wakubwa. Jambo hilo watu wanalipita haraka, kumbe lina historia yake.

Leo kijana mweusi anayefika Maui na ekipe yake anapokea ufunguo wa chumba kama wenzake wote. Analala mu hoteli ileile na mzungu anayecheza naye, asubuhi wanakunywa chai meza moja, na hakuna mtu anayegeuza kichwa. Ata kocha hawazi juu ya hilo, ni kazi ya watu wa ofisi. Lakini kulikuwa wakati ambapo swali la kitanda lilikuwa zito kuliko mechi yenyewe. Mtu aliyelibeba swali hilo paka likapata jibu, mu mashindano mengine ya mwanzo wa msimu, miaka 28 kabla ya ile mechi ya Honolulu, alikuwa kocha mmoja mweusi: John McLendon.

Mwanafunzi asiyeruhusiwa kucheza

McLendon alizaliwa tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka wa 1915 katika mji mdogo wa Hiawatha, jimbo la Kansas. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake alikuwa na damu ya wenyeji wa kwanza wa Amerika, waliokuwako kabla ya wazungu kufika. Mama huyo alifariki mtoto angali mdogo sana, wakati wa ile homa kubwa iliyozunguka dunia kuanzia 1918. Watoto waligawanywa kwa wandugu, na John akapelekwa kwa babu na bibi yake huko Colorado. Baadaye baba alioa tena na kukusanya watoto wake mu mji wa Kansas City.

Hapa msomaji aangalie vizuri. Kuna Kansas City mbili. Moja iko upande wa jimbo la Kansas, nyingine upande wa jimbo la Missouri, na zinashikana kama vile Goma na Gisenyi, ila zenyewe zinachangia ata jina. McLendon alikulia upande wa Kansas. Upande wa pili, Missouri, njo kulikuwa mji mkubwa wenye hoteli na sale za mashindano. Mji huo utarudi mu habari hii.

Alisoma Sumner, shule ya sekondari ya watoto weusi. Alipenda basketi kupita kiasi, lakini hakupata nafasi mu ekipe ya shule. Kuna watu wanaoachia hapo. Yeye aliamua atakuwa mwalimu wa mchezo huo.

Mwaka wa 1933 aliingia Chuo Kikuu cha Kansas, mu mji wa Lawrence. Pale kulikuwa mzee mmoja, profesa James Naismith, aliyezaliwa Canada mwaka wa 1861. Huyo njo mtu aliyeanzisha basketi, mwezi wa 12 mwaka wa 1891, mu mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Alitafuta mchezo wa kuwapa vijana ndani ya nyumba wakati wa baridi, akatundika vikapu viwili vya kubebea matunda, akaandika sheria 13. Alikuwa pia kocha wa kwanza wa Kansas, na paka leo ni kocha peke yake wa chuo hicho aliyeshindwa mara nyingi kuliko aliposhinda. Mwenye mchezo hakuwa bingwa wa mchezo.

Baba wa McLendon alikuwa amesikia kwamba mzee huyo yuko pale. Alimwambia mtoto wake aende moja kwa moja kumwona, amwambie kwamba njo yeye atakuwa mshauri wake wa masomo. Kijana akaenda, akasema vile alivyotumwa. Naismith akauliza nani ameamua hivyo. Aliposikia kwamba ni baba, alikubali, maana kwake neno la baba halikuwa la kubishania.

Chuo cha Kansas kilipokea wanafunzi weusi, lakini hakikuwaweka mu ekipe yake ya basketi. Kwa hiyo mwanafunzi wa mtu aliyeanzisha basketi alikatazwa kucheza basketi kwa jina la chuo chake. Alijifunza kwa macho na masikio, akimfuata mzee, akimuuliza.

Kisha ikaja habari ya pisini. Ili mtu apate diploma ya elimu ya viungo, ilitakiwa aonyeshe anajua kuogelea, lakini wanafunzi weusi hawakuruhusiwa kuingia mu pisini ya chuo. McLendon aliingia. Alipotoka, maji yakamwagwa yote. Wakubwa wa michezo walisema wanaogopa fujo. Inasimuliwa kwamba alipatana nao hivi: pisini ibaki wazi kwa watu wote majuma mawili, na kama hakuna fujo itakayotokea, ibaki wazi moja kwa moja. Halafu akaenda kimya kuomba wanafunzi weusi wasikanyage pale kwa majuma hayo mawili. Fujo haikutokea, sababu hakukuwa mtu wa kufanyiwa fujo, na mlango ukabaki wazi. Naismith alisimama upande wake. Mwaka wa 1936 McLendon alipata diploma yake, mweusi wa kwanza mu fakilte hiyo ya Kansas.

Pale tayari unaona vile mtu huyu anafanya kazi. Hapigi kelele. Anatafuta sharti ambalo mwenzake hawezi kulikataa bila kujiumbua.

Asubuhi ya siku ya Mungu, Durham

Baada ya kuongeza masomo Iowa, alienda kufundisha mu mji wa Durham, jimbo la North Carolina, kwenye chuo cha weusi ambacho leo kinaitwa North Carolina Central University. Mwaka wa 1940 akapewa ekipe yote mikononi.

Basketi ya wakati ule ilikuwa ya polepole. Ekipe ilipata mpira, ikapanda nao kwa utaratibu, ikapasiana paka mtu apate nafasi. McLendon aliona mambo tofauti. Kwake mechi ilichezwa uwanja mzima, mbio, bila kumpa adui nafasi ya kupumua: ukichukua mpira chini ya kikapu chako, sekunde chache baadaye uwe unatupa mu kikapu cha mwenzako. Kwa hiyo vijana wake walikimbia mbali kabla ata ya kugusa mpira, na waliotapika njiani walirudia kesho yake. Baadaye aliandika kitabu juu ya mchezo huo wa mbio. Jambo la kuchekesha, mtu huyohuyo wa mbio njo alitengeneza pia namna ya kulala na mpira: wachezaji wanne wanasimama kwenye kona nne, mmoja katikati, na dakika zinaisha. Wazungu waliifahamu miaka mingi baadaye kupitia makocha wengine.

Mu mwaka wa 1944 ekipe yake ilikuwa moto. Ilikuwa imepoteza mechi moja tu. Lakini nani angejua? Magazeti ya wazungu hayakuandika habari zake, na sheria za North Carolina ziliwatenganisha weusi na wazungu kila mahali: shuleni, mu basi, hospitalini, uwanjani. Upande wa pili wa mji wa Durham kulikuwa chuo cha Duke, cha wazungu. Kwenye fakilte yake ya dawa kulikuwa ekipe ya wanafunzi waliofika pale kwa mpango wa jeshi wakati wa vita, na wengine kati yao walikuwa wachezaji wa jina walikotoka.

Vijana wa pande mbili walikuwa wakikutana kwa siri kidogo kwenye mikutano ya maombi. Pale njo kelele ilianza: nani mkali? McLendon akasema basi, tucheze.

Tarehe 12 mwezi wa 3 mwaka wa 1944 ilikuwa siku ya Mungu. Saa za asubuhi, Durham nzima iko kanisani, na polisi pia. Vijana wa Duke walipanda magari ya kuazima, wakazunguka njia za pembeni, wakaingia sale ya chuo cha weusi wakiwa wamefunika vichwa kwa makoti. Milango ikafungwa. Hakuna mtu aliyeitwa kutazama, ingawa wanafunzi wachache walinusa habari wakapanda kuchungulia madirishani. Kulikuwa mwamuzi, kulikuwa saa. Mwandishi wa gazeti la weusi la mji alipata kujua, lakini alikubali kutoandika kitu.

Ni vizuri kufahamu walichokuwa wanachezea. Miezi minne baadaye, mu Durham hiyohiyo, askari mmoja mweusi aliyebishana na dereva wa basi juu ya kiti alipigwa risasi na dereva huyo, akafa, na mahakama ikamwachilia dereva. McLendon alikuwa na umri wa miaka 28. Kama habari ingetoka, angepoteza kazi siku hiyohiyo, na kupoteza kazi kungekuwa njo jambo dogo.

Dakika za kwanza mikono ilitetemeka pande zote, mipira haikuingia. Wengi kati ya vijana hao walikuwa hawajawahi kugusana na mtu wa rangi nyingine uwanjani. Kisha weusi wakaanza mbio zao. Mechi iliisha 88 kwa 44.

Wangeweza kuachia hapo, lakini walipumzika kidogo, wakachanganya ekipe, weusi na wazungu kila upande, wakacheza mechi ya pili. Baadaye wageni wakaingia mu vyumba vya wanafunzi kupiga hadithi, kisha wakarudi kwao njia waliyokujia. Siri hiyo ilikaa zaidi ya miaka 50. Ilijulikana kwa watu wengi mwaka wa 1996, wakati mwanahistoria mmoja alipoiandika mu gazeti kubwa la New York.

Kitanda, sahani na mlango

Siri ilikuwa tamu lakini haikutosha. Kushinda mbele ya madirisha yaliyofungwa hakumpi kijana kazi, hakuipi shule jina. McLendon alitaka vyuo vya weusi viingie mu mashindano ya inchi nzima, mbele ya watu. Yeye na wenzake waliunda kamati, wakabisha hodi kwa NCAA. Jibu lilikuwa kwamba kiwango cha vyuo vya weusi hakijafika. Namna ya kukifikisha bila kucheza na wengine, hakuna aliyewaelezea.

Ilibaki NAIA, chama cha vyuo vidogo. Nacho hakikuwa kisafi. Kilikataza wachezaji weusi kabisa mu mashindano yake ya Kansas City, ile ya upande wa Missouri. Mwaka wa 1947 kocha mmoja mzungu wa Indiana, John Wooden, ambaye baadaye atakuwa na jina kubwa kuliko wote, alikataa mwaliko sababu ya katazo hilo: alikuwa na kijana mmoja mweusi mu ekipe. Mwaka wa 1948 katazo likaondolewa, na kijana huyo akacheza. Uwanjani tu. Usiku hakulala mu hoteli pamoja na wenzake. Alipelekwa kulala kwa familia ya mchungaji.

Mpango huo uliwaridhisha watu wengi. Mu kila mji wa Marekani kulikuwa familia za weusi zenye nyumba safi na chakula kizuri, zilizofurahi kupokea wachezaji. Kocha mwingine angesema: tumekuja kwa mechi, kitanda ni kitanda. Na si kosa kusema vile, watu walitaka kucheza na njia ilikuwa hiyo. Lakini maana yake ilikuwa kwamba mweusi anaingia kwa mlango mmoja saa ya kufurahisha watu, na anatolewa kwa mlango mwingine saa ya kula.

Mwaka wa 1953 NAIA ilifungulia vyuo vya weusi mlango wa mashindano yake, chama cha kwanza cha inchi nzima kufanya hivyo. Mwaka uliofuata McLendon, ambaye alikuwa amepita miaka miwili Hampton, Virginia, alihamia Nashville, kwenye chuo cha weusi cha Tennessee A&I. Mwezi wa 12 mwaka huo wa 1954 NAIA ilitayarisha mashindano ya kufungua msimu kule Kansas City na ikaalika ekipe yake. Hiyo ilikuwa miezi saba baada ya mahakama kuu ya Marekani kukata kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha sheria. Hukumu ilikuwa mu karatasi. Mu hoteli mambo yalikuwa yaleyale.

McLendon hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema atakuja kwa sharti moja: vijana wake walale mu hoteli ileile na ekipe zingine, na wakule mu restora zilezile. Kama haiwezekani, basi ekipe ibaki Nashville.

Tuone uzito wake. Kwanza, ndiyo kwanza amefika kwenye kazi mpya, na chuo chake kilikuwa na njaa ya jina. Tena vijana wake walitaka kucheza, na hakuna kijana wa miaka 20 anayependa kuambiwa kwamba safari itakufa sababu ya kitanda. Na juu ya yote, milango ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu nyuma: mtu angeweza kusema huyu anaomba mingi mno, haraka mno, atatuharibia wote. Lakini alijua kitu kingine pia. NAIA ilikuwa imeshatangaza kwamba imefungua mlango. Kama sasa ingekataa chumba cha hoteli, tangazo lake lingekuwa bure mbele ya inchi nzima. Ilikuwa pisini ya Lawrence mara ya pili.

Viongozi wa NAIA wakaenda kuongea na wenye hoteli. Hoteli ikakubali. Ekipe ya chuo cha weusi ikalala katikati ya Kansas City pamoja na ekipe za wazungu, ikashuka asubuhi kwa ngazi ileile kuenda kula. McLendon alikuwa amekulia ng'ambo tu ya pale, na kwa utoto wake wote nyumba kama hizo hazikuwa za watu kama yeye.

Baada ya hapo ilibaki mchezo, na mchezo aliujua. Mwezi wa 3 mwaka wa 1957 Tennessee A&I iliingia mu fainali ya NAIA, Kansas City hiyohiyo, ikapiga Southeastern Oklahoma 92 kwa 73. Ni mara ya kwanza chuo cha weusi kuwa bingwa wa inchi mu mashindano ya rangi zote. Mwaka wa 1958 iliishinda Western Illinois. Mwaka wa 1959 Pacific Lutheran. Mataji matatu mfululizo: hakuna kocha wa chuo aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Mmoja wa vijana wake, Dick Barnett, alienda kuwa bingwa wa NBA na New York Knicks. Sam Jones naye, aliyepata mataji 10 na Boston Celtics, alikuwa ameanzia chuo chini ya mikono yake kule Durham.

Miaka ya kuhamahama

Baada ya ushindi huo, ekipe kubwa za wazungu zingepaswa kumgombania. Hazikumgombania. Alichukua Cleveland Pipers, ekipe ya wafanyakazi wa kampuni, akaipa ubingwa wa inchi mwaka wa 1961. Mwaka huo ekipe ikaingia mu ligi mpya ya kulipwa, ABL, na McLendon akawa kocha mkuu mweusi wa kwanza mu ligi ya basketi ya kulipwa Marekani. Ligi hiyo ilikuwa na ekipe paka Honolulu, Hawaii Chiefs.

Mwenye Pipers alikuwa kijana tajiri, George Steinbrenner, yule aliyejulikana baadaye kwa ekipe ya besiboli ya New York Yankees. Pesa za wachezaji zilichelewa, na mwenye ekipe aliingilia kazi kila siku. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja, wakati wa mapumziko ya mechi na wale Hawaii Chiefs, Steinbrenner aliuza mchezaji wake kwa adui huyohuyo wa usiku ule. Kijana aliingia mapumziko akiwa wa Cleveland, akatoka akiwa wa Hawaii. McLendon aliunga mkono wachezaji mu neno la mishahara, na mwanzoni mwa 1962 akaacha kazi. Ekipe aliyoijenga ikachukua ubingwa wa ligi ikiwa na kocha mwingine.

Mwaka wa 1966 Cleveland State ilimwajiri: kocha mkuu mweusi wa kwanza mu chuo kikuu chenye wazungu wengi. Ni vizuri kusema ukweli, pale hakushinda sana, ekipe ilikuwa changa na miaka yake mitatu ilikuwa ya jasho. Mwaka wa 1968 alikuwa kati ya makocha wa Marekani kwenye Olimpiki ya Mexico, mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Mwaka wa 1969 Denver Rockets wa ligi ya ABA walimchukua, wakamfukuza baada ya mechi 28. Kwa mtu aliyeshinda mechi zaidi ya 500 za vyuo, 28 ni kama kuonjeshwa chumvi. Kisha akafanya kazi miaka mingi kwa kampuni ya viatu vya Converse, akizunguka kufundisha makocha.

Wakati huo milango aliyosukuma ilikuwa inapitisha wengine. Mwaka wa 1984, mwaka uleule Maui Invitational ilipoanza, John Thompson wa chuo cha Georgetown akawa kocha mweusi wa kwanza kuchukua ubingwa wa NCAA. Miaka mitatu baadaye mwanafunzi mmoja kutoka Kinshasa alifika Georgetown akitaka kusomea udaktari, na Thompson akamwingiza mu basketi. Jina lake linajulikana kwetu paka mu vijiji: Dikembe Mutombo.

Uzeeni McLendon alirudi Cleveland State, safari hii kufundisha darasani historia ya michezo na nafasi ya weusi ndani yake. Wanafunzi wengi walikuja bila kujua kwamba nusu ya somo ilikuwa maisha ya mwalimu mwenyewe. Alifariki tarehe 8 mwezi wa 10 mwaka wa 1999, karibu na Cleveland, akiwa na miaka 84.

Jumba la heshima la basketi lilikuwa limemwingiza mwaka wa 1979, lakini si kama kocha. Lilimwandika kati ya watu waliochangia mchezo, kama vile wanaandikwa viongozi wa vyama. Ilipita miaka 37, yeye tayari yuko kaburini, ndipo mwaka wa 2016 likamwingiza mara ya pili, sasa kwa kazi yake ya ukocha. Jumba hilo liko Springfield, Massachusetts, na linabeba jina la James Naismith.